Ndugu wa Mgonjwa wa Kitanda Namba 14

Ninyi mlio jikoni redio ikiwa dirishani, ninyi mlio dukani, ninyi mlio njiani, salamu zangu ziwafikie nyote. Lakini leo nina salamu za pekee kwa mtu mmoja. Huenda sasa hivi yuko kwenye benchi la saruji nje ya wodi, au amejinyoosha juu ya kanga chini ya mwarobaini, hotipoti tupu iko pembeni, anasubiri asubuhi ifike geti lifunguliwe. Huyo si mgonjwa. Hana faili, hana kitanda, hakuna anayempima presha. Hospitalini ana jina moja tu: ndugu wa mgonjwa.

Leo tuzungumze habari zake. Na hasa habari za yule anayemuuguza mwenzi wake, mke au mume, katika hospitali iliyo mbali na nyumbani. Mbali kiasi kwamba hakuna jirani wa kuleta uji, hakuna dada wa kupokezana naye zamu, na ukitoka nje ya geti hujui daladala ipi inakwenda wapi.

Jina hilo la ndugu wa mgonjwa nililibeba siku 41. Ilikuwa mwaka 2022, Machi hadi Aprili. Mke wangu, ambaye ameniruhusu niyaseme haya, na mengine ameniagiza niyaseme, alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Uvimbe wa namna hiyo unawapata wanawake wengi, na wengi wanaishi nao bila shida. Wake ulikuwa ukimtoa damu. Kila mwezi damu inatoka nyingi kuliko kawaida, mwili unashindwa kuirudisha, mpaka akawa akipanda ngazi tatu za kanisani anashika ukuta. Songea walimpima, wakaona uvimbe ni mkubwa na damu imekwisha, wakaandika rufaa ya Dar es Salaam.

Anayeijua njia ile anaijua. Unaondoka Songea alfajiri, Njombe na baridi yake, Makambako, Iringa, unashuka Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, na usiku umekwisha kuingia ndipo unafika Mbezi, kituo cha Magufuli. Zaidi ya kilomita 900. Mtu mzima wa afya anachoka, sembuse aliyepungukiwa damu. Alilala mapajani mwangu tangu Makambako, nami nikawa nahesabu pumzi zake.

Sasa nawauliza, wasikilizaji: umbali ni nini? Ni kilomita? Nilidhani hivyo. Siku ya tatu wodini nikajifunza kuwa umbali ni kwamba mahali pale hakuna mtu hata mmoja anayejua mke wako ni nani. Kwetu ni mama anayeanzisha nyimbo kwaya inapokwama. Ni mtu anayeitwa usiku jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa. Pale alikuwa kitanda namba 14. Sisemi hivyo kuwalaumu wauguzi. Sista mmoja ana wagonjwa 30 au 40 kwa zamu, hawezi kujua wote walikuwa nani makwao. Ndiyo maana upo wewe. Kazi yako ya kwanza, kabla ya uji na kabla ya pesa, ni kuwa mtu pekee katika jengo lile anayemjua.

Nitoe mfano. Siku ile ya tatu sista aliniambia, "Baba, mgonjwa wako hali, tumempa wali ameukataa, jana vilevile." Nikamwambia, sista, huyu akiwa na homa hagusi wali tangu nimemwoa, na wala hawezi kuwaambia kwa sababu anaona ni utovu wa adabu kuchagua chakula cha watu. Mpe uji wa ulezi, mwepesi, wenye limao. Kesho yake nikaleta kwenye chupa ya chai, akamaliza vikombe viwili. Ni jambo dogo, lakini daktari asingelijua. Lingejulikana kwa nani kama si kwangu?

Haya, tuje kwenye wodi yenyewe. Wanaume wanaouguza wake zao, hapa ninawasemesha ninyi. Wodi ya wanawake mwanamume hakai. Ni haki, kina mama wale wanahitaji sitara yao. Unaingia asubuhi, mchana na jioni, kila mara muda mfupi, kengele ikilia unatoka. Mwanamke anayemuuguza mumewe naye yanampata hayohayo upande wa pili. Kwa hiyo saa nyingi za siku unakuwa nje, na kule ndani yapo mambo yanayotaka mkono wa ndugu: kumwogesha, kumbadilisha kanga, kumshika akienda msalani. Nyumbani ningemwita wifi yake. Pale nilifanya nini? Nilimwendea mama mmoja wa kutoka Kilwa, aliyekuwa akimuuguza binti yake kitanda namba 15, nikamwambia: mama, mimi nipo nje saa zote, nitakuchotea maji, nitakununulia dawa, nitakupangia foleni ya vipimo, nawe humo ndani nishikie mke wangu. Akajibu, "Mwanangu, kumbe ulikuwa unangoja nini?" Tukawa familia moja. Mpaka leo simu za sikukuu tunapigiana.

Msione haya kuomba. Narudia: msione haya. Watu wa wodi moja ni majirani, na jirani huombwa chumvi.

Kwa kulala, mimi nilifikia Mbagala, kwa binamu yangu, chumba na sebule, watoto wanne. Shemeji yangu, mke wa binamu huyo, alikuwa akiamka saa tisa usiku kunichemshia uji kabla hajaenda sokoni kwenye biashara yake. Baada ya wiki nikamwambia, nifundishe mimi. Kumbe uji wa ulezi usipoukoroga kwa maji baridi kwanza unashika madonge. Nimeoa miaka 17, nilikuwa silijui hilo.

Sasa kuna vitu viwili vitatu ambavyo ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda basi. Cha kwanza ni daftari. Daftari la kurasa 40, la watoto wa shule, na kalamu. Kila anachosema daktari, andika. Jina la dawa, mara ngapi kwa siku, kipimo gani kimechukuliwa, tarehe, na ile namba iliyoandikwa kwenye fomu ya kipimo. Daktari anapita asubuhi na kundi la wanafunzi, anasema maneno sita, ameondoka. Mgonjwa ana maumivu, hakumbuki. Wewe una usingizi, hukumbuki. Daftari linakumbuka. Mke wangu alipofanyiwa upasuaji, kipande cha uvimbe kilipelekwa kupimwa kama kina saratani. Siku tisa tukaambiwa majibu hayajaja. Hospitali siitaji. Majibu yalikuwa yametoka siku nyingi, yamewekwa kwenye faili la mtu mwingine mwenye jina linalofanana. Yalipatikana kwa namba niliyokuwa nimeiandika kwenye daftari, nikaipeleka dirishani maabara mwenyewe. Hakukuwa na saratani. Siku tisa hatukulala, na jibu jema lilikuwa ndani ya kabati.

Cha pili ni damu. Hili nalisema polepole, maana watu wengi halijawakaa sawasawa. Mke wangu asingeweza kupasuliwa akiwa na damu ile, ilibidi aongezewe kwanza, na ndugu wakaombwa wachangie ili benki ya damu isikauke. Ndugu gani, ilhali ndugu wako Songea? Nilichangia mimi. Binamu yangu akachangia. Bado ikatakiwa zaidi. Basi jueni hivi: anayechangia kwa niaba ya mgonjwa wako si lazima awe na kundi la damu kama la mgonjwa. Damu yake inaingia benki, mgonjwa anapewa inayomfaa. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye afya, mwenye umri unaoruhusiwa na uzito wa kuanzia kilo 50, anaweza kukusaidia. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Na damu haiuzwi. Ukikutana na mtu nje ya geti anakuambia atakutafutia damu kwa pesa, mkimbie.

Mimi niliwaendea vijana wa bodaboda wa kijiwe cha mbele ya hospitali, ambao kila siku nilikuwa nawasalimia tu. Niliwaeleza. Wawili walivua kofia zao ngumu palepale wakanifuata ndani. Mmoja aliniambia mama yake naye aliwahi kulazwa akaongezewa damu ya mtu asiyemjua.

Cha tatu ni pesa, na hili nitalipita kwa haraka, si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa kila mmoja analijua kwa uchungu wake. Sisi tulikuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ile ya kulipia kaya. Ilifaa sana, nasi ilitusaidia Songea, lakini wakati ule iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukivuka hapo ulikuwa unalipa mfukoni. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, mwaka mmoja baada yetu. Ninachowaomba ni hiki: ukiona unazidiwa, usimtoroshe mgonjwa, usikate dozi. Katika hospitali hizi kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji chako au kata yako, eleza hali yako. Nilikaa wiki tatu sijui kama ofisi ile ipo, nayo iko hatua 20 kutoka benchi nililokuwa nikikaa.

Wasikilizaji, sasa naingia kwenye lile hasa lililonileta hapa.

Ili tulipe gharama, niliuza ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa, mmoja, wa mke wangu. Yeye ndiye aliyemlea tangu ndama, yeye ndiye aliyemkamua. Nilimwambia kaka yangu kwa simu amuuze, na nikawaagiza watu wote nyumbani: mama asiambiwe. Mgonjwa haambiwi habari mbaya, si ndivyo tulivyolelewa? Mgonjwa anaambiwa kila kitu ni kizuri, mahindi yamestawi, watoto hawajambo.

Jumapili moja nikampigia simu binti yetu mdogo, wakati huo alikuwa na miaka saba, nikampa mama yake waongee. Mtoto akasema, "Mama, tangu ng'ombe aondoke hatunywi chai ya maziwa."

Mke wangu hakuniambia kitu. Siku ile hakusema, kesho yake asubuhi hakusema.

Jumatatu wakatuambia upasuaji ni Alhamisi, na sista akaagiza nywele zifumuliwe. Alikuwa amesukwa rasta ndogondogo na dada yake tulipokuwa tunajiandaa na safari, ili asihangaike na nywele. Mkono mmoja ulikuwa na kanula, hauwezi kuinuka. Mama wa Kilwa siku hiyo hakuwepo. Sista akatutazama, akaturuhusu tukae barazani nje ya wodi hata baada ya kengele. Mke wangu akakaa kwenye kigoda, mimi nyuma yake kwenye benchi.

Sikuwahi kufumua nywele maishani mwangu. Nilitumia mfuniko wa kalamu ya daftari, ule wenye ncha. Nikaanzia juu, nikamuumiza. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na fimbo yake akasimama. "Anzia chini, baba. Usivute, chokonoa." Nikaanzia chini, nikachokonoa. Rasta ya kwanza ilinichukua dakika kumi. Ya tano ikanichukua dakika mbili. Nyuzi nyeusi zikawa zinadondoka sakafuni kati ya miguu yangu, na nywele zake mwenyewe zikawa zinatoka, zimejikunja, zina harufu ya mafuta ya nazi aliyopaka nyumbani.

Ukimfumua mtu nywele hamtazamani usoni. Nadhani ndiyo maana aliweza. Akasema, mgongo wake ukiwa kwangu, "Ng'ombe mlimuuza shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Bei si mbaya." Kisha akasema, "Na mimi nimekuficha jambo." Damu ilikuwa imeanza kumtoka tena, usiku wa tatu huo. Daktari alipomuuliza asubuhi alijibu imekata. Kwa nini? Kwa sababu aliogopa tarehe itasogezwa, na tarehe ikisogezwa nitakaa zaidi, nitatumia zaidi, na alikuwa ameshahesabu kuwa pesa yetu haitoshi, kwa kuwa mimi nilimwambia pesa ipo na yeye hakuniamini.

Mnaona, wasikilizaji? Mimi nilimficha ili asiumie. Yeye akaona ninaficha, akashindwa kujua ukubwa wa kinachofichwa, akaukuza. Naye akanificha ili mimi nisiumie. Uongo wangu wa huruma na uongo wake wa huruma vilitaka kukutana kwenye chumba cha upasuaji. Niliacha nywele zikiwa nusu, nikaenda kwa sista. Daktari akaitwa, damu ikapimwa tena, upasuaji ukasogezwa kwa wiki moja, akaongezewa chupa nyingine mbili. Yule daktari aliniambia neno moja tu, "Afadhali mmesema."

Wapo watakaonipinga. Najua, na nawaheshimu. Wapo wagonjwa walio mahututi, wapo wazee wenye presha, na kila habari ina wakati wake. Lakini mimi nazungumzia mume na mke. Uliyemwoa si mtoto wa kufichwa. Akiwa kitandani mbali na nyumbani, hana mlango wa kutoka akaone mwenyewe, hana jirani wa kumdokeza. Wewe ndiye macho yake. Ukimpa macho ya uongo, atalala usiku akijiundia picha zake, na za usiku wodini huwa mbaya kuliko ng'ombe aliyeuzwa. Baada ya siku ile tulipatana: jioni, kabla ya kengele, kila mmoja anasema lililo kweli. Siku moja nilimwambia leo sikula, hela ilikwenda kwenye dawa. Akanikatia nusu ya chakula chake, akanisimamia mpaka nikamaliza.

Hapo nina neno kwa ninyi mlioachwa nyumbani. Mnapiga simu, mnauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Mnafanya vema. Lakini ulizeni na swali la pili: "Na wewe umekula? Umelala wapi?" Katika siku zote 41 aliyeniuliza hivyo ni mama mkwe wangu peke yake. Nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi, nikalia, mtu mzima. Nilikuwa nimepungua, suruali naifunga kwa kamba. Anayeuguza akianguka, walioanguka ni wawili. Kwa hiyo mkituma pesa kwa simu, hata elfu tano, mwambieni wazi: hii ni yako wewe, ule. Bila hivyo ataipeleka dirisha la dawa. Na mkiweza, atoke mtu aende, hata kwa siku nne, mwenzenu alale.

Siku ya upasuaji sina mengi. Ilikuwa saa tano za kukaa. Vijana wale wawili wa bodaboda walikuja kwa zamu kuniuliza. Saa tisa mchana mlango ukafunguliwa, wakaita, "Ndugu wa mgonjwa wa kitanda namba 14!" Nikainuka, na miguu ikakataa, mama wa Kilwa akanishika mkono.

Muda wangu unakaribia kwisha, naomba nimalizie na safari ya kurudi.

Tuliruhusiwa Aprili, mvua za masika zinanyesha. Tulipanda basi Mbezi alfajiri, nimemwekea mto tumboni kwa ajili ya mshono, kwenye matuta anaushika kwa mikono miwili. Tukafika Ruaha Mbuyuni. Mnapajua, basi likisimama tu madirisha yanajaa vitunguu. Mke wangu akasema anataka vitunguu vya kupeleka nyumbani. Nikamwambia mama watoto, pesa tulizobaki nazo ni za kula njiani. Hakunijibu. Akavuta pindo la kanga aliyokuwa amejifunga, kanga ileile aliyolala nayo wodini siku zote zile, akafungua fundo kwa meno. Zilikuwa noti sita za elfu kumi, zimekunjwa mpaka zimekuwa kama kipande cha sabuni.

Nikamuuliza, za nini?

Akasema, "Nauli yako. Ukibaki peke yako, nilijua hutaweza kuwaomba watu."

Akanunua vitunguu ndoo nzima.

Usiku mwema, na wewe uliye kwenye benchi, usiku mwema.